Kiasi cha Kwenda Nacho Mezani

Mume wangu Faki aliondoka nyumbani alasiri moja kwenda kucheza karata, akabeba kila tulichokuwa nacho, na hakurudi. Hakufa. Kila aliyepita barabara ya juu aliniambia amemwona: yuko palepale kwenye Nyumba ya Karata, ameketi, mgongo umenyooka, na mbele yake kuna lundo linalopanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Aliondoka lini hasa, siwezi kusema. Katika mji wetu miaka haipangi foleni. Kuna siku naamka nikiwa mke wa miaka mingi, na kuna siku naamka nikiwa mwari ambaye posa yake bado haijaletwa, na katika siku zote hizo Faki ameshaondoka. Hata nilipokuwa mtoto nacheza kombolela uani kwetu, nadhani alikuwa ameshaondoka, na mimi nilikuwa nimejificha mahali ambapo hakuna aliyekuwa akinitafuta.

Niliishi na mama yake, Bi Riziki. Watu walishangaa. Walisema mke aliyeachwa hukaa kwao, na mama wa mwanamume aliyepotea hukaa na aibu yake peke yake. Lakini sisi tulikuwa tumezoeana, kila mmoja alikuwa na nusu ya mtu yuleyule, na nusu mbili zikikaa chumba kimoja huwa na mazungumzo.

Kisha ndugu yangu Nasibu akaja na furushi. Nyumba ya marehemu baba yetu ilikuwa imeuzwa, na lile lilikuwa fungu langu. Aliliweka juu ya mkeka, likakaa pale kama mgeni anayesubiri kuulizwa habari za safari. Nililitazama na nikajua papo hapo ninalotaka kulifanyia. Nilitaka kwenda kwenye Nyumba ya Karata, nikae mbele ya mume wangu, nimshinde kila alicho nacho. Niliamini kwamba lundo lile ndilo lililomfunga kwenye kiti. Likiondoka, atainuka. Atajinyoosha, atauliza saa ngapi, tutarudi nyumbani.

Lililobaki ni swali dogo ambalo lilinikalisha kwenye mkeka muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa popote: niende na kiasi gani?

Mchezo wao ni poka, ule wa pesa taslimu, usio na mwisho wala kombe. Unaingia unapotaka na unaondoka unapotaka. Una sheria nyingi ndogo, lakini mbili ndizo zenye uzito. Ya kwanza: ulichokiweka mezani ndicho ulicho nacho. Huwezi kuchomoa zaidi mfukoni karata zikiwa mkononi, wala huwezi kuficha sehemu ya ulichoshinda na bado ukabaki kitini. Chote kinakaa mezani mpaka utakapoinuka. Ya pili: huwezi kumshinda mtu zaidi ya ulichokileta. Ukienda na konzi moja, ukampiga mtu mwenye mlima, utapata konzi moja, na mlima utabaki mlima. Kwa hiyo anayetaka kumshinda mtu mzima sharti apeleke mtu mzima.

"Peleka zote, dada," alisema Nasibu. Alikuwa amechutama mlangoni, na nywele zake za mbele zilikuwa na vumbi, au niliona vumbi. "Ukienda na kidogo watakuchezea kama paka na panya. Kila ukiweka dau, mwenye lundo atapandisha, nawe utatupa karata nzuri kwa kuhofia kubaki mtupu. Pesa kidogo ni pesa yenye woga."

"Pesa haina woga wala ushujaa," alisema Bi Riziki. Alikuwa kwenye kigoda chake akichambua mchele. "Mwenye woga ni yule anayejua imetoka wapi."

"Basi na asahau imetoka wapi."

"Imetoka kwenye nyumba ya baba yenu, Nasibu. Ukishasahau hilo, unachopeleka mezani ni nini?"

Nasibu alinigeukia mimi. "Unataka kumrudisha shemeji, hutaki?"

"Nataka."

"Kwa nusu?"

Nilimgeukia Bi Riziki. "Mama, wewe unasemaje? Ni mwanao."

"Ni mwanangu," alisema. "Na wewe ni nani wangu, uliyelala chumba kimoja nami nikiwa na homa? Chukua kiasi ambacho kikipotea utarudi hapa, utakula wali huu, na utasikia chumvi yake. Ukichukua zaidi ya hapo utakuwa umehamia kule, hukwenda kucheza."

"Na kama hakitatosha kumrudisha?"

"Basi hakitatosha."

Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuagiza mkaa. Lakini nilitazama vidole vyake. Vilikuwa vinatupa punje za mchele na kurudisha vijiwe kwenye ungo.

Walipotoka kwenda uani nilifunga mlango, nikalifungua furushi, nikaitandaza pesa. Sikuihesabu. Niliona kwamba hesabu ingenidanganya, kwa sababu namba hukaa kimya mtu anapolia. Nilifumba macho nikajaribu kuipoteza. Nilichukua fungu dogo, nikalisukuma pembeni, nikajiambia: hili limekwenda. Nikasikiliza. Hapakuwa na kitu, ni kama kukata kucha. Nikaelewa kwamba nikienda na fungu hilo nitakuwa mtazamaji aliyepewa kiti. Nitakaa nikijua kwamba hakuna linaloweza kunipata, na mtu ambaye hakuna linaloweza kumpata hawezi pia kumpata mtu mwingine. Kisha nikazisukuma zote. Zote zimekwenda, nikajiambia, na nikasikiliza tena. Safari hii nilimtafuta yule anayesikiliza na sikumwona. Palikuwa na mkeka, na ukuta, na mlio wa kuku nje, na hapakuwa na Hidaya. Niliogopa, lakini hata woga ule haukuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo kuna mahali kati ya kucha na kutoweka. Mtu ni kiasi gani? Labda ni kiasi kile ambacho kikipungua anaumia na bado yupo wa kuumia. Nilipapasa pesa kwa kiganja huku macho nimeyafumba, kama anayetafuta ukingo wa kitanda gizani. Nikiongeza kidogo, napungua. Nikipunguza kidogo, nalegea. Hapa. Hapana, hapa. Mbona baba hakunifundisha hili, alinifundisha kuswali na kujumlisha. Hapa. Panauma. Nipo.

Nilifunga kiasi hicho kwenye pindo la kanga. Zilizobaki nikampelekea Bi Riziki, naye akazisukumiza chini ya godoro bila kuzitazama. Nasibu alinisindikiza hadi kona, amenuna.

"Unakwenda kumkomboa mtu kwa bei ya kuulizia," alisema.

"Nakwenda na kiasi ambacho nitakuwepo nikikicheza."

"Maneno ya vitabu hayo, dada."

"Huenda."

Njia ya kwenda kule ilikuwa ndefu kwa namna ya ajabu: kila mtaa nilioupita ulionekana kuwa uleule, ila mimi ndiye niliyebadilika. Katika mmoja miguu iliniuma kama ya bibi, katika mwingine niliruka mfereji bila kufikiri. Na watu walilisalimia furushi la pindoni. Mzee mmoja mwenye bakora, wa umri wa kunizaa mara mbili, aliliona limetuna kiunoni, akasimama, akanipa shikamoo. Niliona aibu. Nililihamishia upande wa pili, chini ya kanga ya juu, lisionekane. Mzee akanitazama upya, uso ukakunjamana, akasubiri shikamoo yangu. Nilimpa. Aliipokea kwa ukali, na sikumlaumu. Hakuna aliyekuwa amemfundisha tofauti.

Nyumba ya Karata ilikuwa nyeupe ndani na nje, na madirisha yake yalichorwa ukutani kwa rangi, yakiwa na mapazia ya rangi yaliyochorwa yakipepea. Mlangoni alisimama bwana mmoja mpole sana.

"Kiasi gani?" aliniuliza.

"Mimi naitwa Hidaya. Ni mke wa Faki."

"Sikuuliza hilo, bibi."

Nilifungua pindo. Alizichukua pesa, akanipa badala yake vibao vidogo vya mviringo vya rangi, baridi kama kokoto za mtoni, akainama kwa heshima. "Karibu ndani, Kiasi cha Kati."

Nilitaka kumwambia tena jina langu. Nikalitafuta mdomoni, nikapata ladha yake tu.

Mezani palikuwa na watu watatu. Mgawaji karata alikuwa mwanamke mwenye glavu, ambaye hakusema lolote isipokuwa zamu ilipofika. Kushoto alikaa mzee mwembamba mwenye kikohozi aliyeitwa Kidogo-Tena, kwa kuwa kila mara alikuja na kidogo, akakipoteza, akatoka, akarudi na kidogo tena. Hakuwahi kuangamia wala kupata. Na mbele yangu, nyuma ya mlima wa vibao, alikaa mume wangu. Pale aliitwa Zote.

Alikuwa kijana. Sijui kwa nini sikulitarajia hilo. Alikuwa na uso uleule wa siku ya harusi, shavu lile lenye kovu dogo la wembe wa kinyozi, na mimi nilikuwa mbele yake na umri wangu wote. Macho yake yalishuka kwenye vibao vyangu, yakavipima, ndipo yakapanda usoni.

"Karibu, mama," alisema.

Nilisikia neno hilo likiingia kifuani na kutafuta mahali pa kukaa. Nilivuta kiti.

"Mama yako anakusalimu," nilimwambia.

"Mama yangu?" Alifikiri, kama mtu anayetafuta neno la lugha aliyoacha kuisema. "Ah. Mwambie nikishapata kilichopotea nitakuja."

"Kilichopotea ni nini?"

Alitazama lile lundo. "Sikumbuki. Lakini kimo humu ndani."

Tukacheza. Mgawaji alitoa karata, watu wakazichungulia pembe, wakatupa, wakaweka dau. Nasibu alikuwa amesema kweli: Zote alipandisha kila mara, na mara za kwanza nilitupa karata ambazo nyumbani ningezishangilia. Kidogo-Tena alipoteza alichokuwa nacho, akakohoa, akatoka, akarudi. Dirishani mapazia ya rangi yalipepea. Nilianza kuusikia mchezo kama unavyoisikia mvua ukiwa ndani, na nikaona kwamba siogopi. Niliyaona yanayoweza kunipata, na nilikuwa nimeshayapapasa kwa kiganja juu ya mkeka.

Kisha nilipewa wafalme wawili, wa kopa na wa shupaza. Zilipofunuliwa karata za katikati, ambazo ni za kila mtu, mfalme wa tatu alikuwa pale, wa uru, amelala chali. Niliweka dau dogo. Zote akapandisha. Nikakubali. Ikafunuliwa nyingine, na nyingine.

"Natia zote," alisema, na kwa mikono miwili akausukuma mlima wote katikati ya meza. Ulikuja kwangu kama nyumba inayoporomoka. Ilikuwa nyumba yetu kweli, niliiona humo. Nilimwona mbuzi wetu, kitanda cha mbao ya mvule, cherehani yangu, mikufu ya Bi Riziki.

"Nimekubali," nilisema, nikasukuma vyangu.

Ndipo mgawaji akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alichukua kijiti, akavipanga vibao vyangu, akatenga kutoka kwenye ule mlima kiasi kilichokuwa sawa navyo, kipande tu cha ukingo. Vingine vyote akavirudisha kwa Faki. "Hivi havimo," alisema.

Havimo. Kitanda hakimo. Mikufu haimo.

Karata zilifunguliwa. Wafalme wangu walishinda. Nilivuta vibao, vyangu na vingine sawa na vyangu, na Faki hakupepesa hata jicho. Mlima wake ulikuwa mlima.

Bwana wa mlangoni alikuwa amekuja nyuma yangu bila kishindo. "Nyumbani zimebaki nyingine?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Tunaweza kumtuma mtu, Kiasi cha Kati. Ukizijumlisha na hizi, utakuwa na kimo cha kuongea naye."

Nitasema kweli kuhusu wakati ule. Sikufikiri habari za Faki. Nilisikia raha. Mgongo wangu ulikuwa umenyooka wenyewe, na mikono yangu, bila kuagizwa, ilikuwa inavipanga vibao katika minara midogo kwa rangi zake. Niliitazama mikono ile. Mishipa ilikuwa imezama, ngozi imejaa, kucha zina hina ya juzi. Ilikuwa mikono ya mwari. Nilijua ninachotakiwa kusema: mtume, aende, zipo chini ya godoro. Maneno yalikuwa yameshapanda hadi kwenye meno.

Kidogo-Tena alikuwa ananitazama. "Unasikia raha, mama?"

"Nasikia."

"Pole," alisema, na akaanza kukohoa.

Nilimgeukia mume wangu. "Nataka kukuuliza kitu. Nikikushinda vyote, kila kibao, utainuka?"

Alicheka. Kilikuwa kicheko chake mwenyewe, cha kooni, ambacho nilikuwa nimekilalia miaka. "Nikibaki sina kitu, niinuke niende wapi? Asiye na kitu ndiye hasa wa kukaa. Nitakopa mlangoni."

"Na ukitushinda wewe?"

"Watakuja wengine."

"Kwa hiyo hakuna kiasi."

"Cha nini?"

"Cha kukuinua."

Alilifikiria hilo kwa makini, kwa wema hata, kama alivyokuwa akifikiria maswali yangu zamani akiwa amelala na mkono chini ya kichwa. "Hapana," alisema. "Sidhani kipo."

Nilikuwa nimekaa juu ya mkeka nikapima na kupima, na kipimo kilikuwa sahihi, ila kilikuwa kipimo changu. Kilitosha kwa Hidaya. Kwa Faki pangetakiwa kitu ambacho hakiwekwi mezani, na kama kingewekwa, mgawaji angekisogeza kando kwa kijiti chake.

Niliinuka. Ilikuwa kazi, kiti kilikuwa kama maji ya vuguvugu, na magoti yalikuwa ya mtu mwingine. Nilisimama nikishikilia ukingo wa meza mpaka uzito wangu uliponirudia, na pamoja nao maumivu ya kiuno, na mishipa ya mikono ikapanda tena juu mmoja mmoja. Niliifurahia kama ndugu wanaoshuka chomboni.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Faki. Alishangaa kweli. "Unashinda."

"Nakwenda nyumbani."

"Nyumbani ni kiasi gani?"

Hakuwa ananikejeli. Aliuliza kama mtoto anavyouliza nyota ni ngapi, yuko tayari kuamini jibu lolote. Nikafungua mdomo, na nilipoufungua ndipo jina langu likatoka.

"Faki, ni mimi. Hidaya."

"Hidaya," alirudia kwa adabu, kama mtu anayerudia jina la mji ambao hatapita. Kisha karata mpya zikagawiwa, naye akachungulia pembe za zake.

Halafu nikaenda mlangoni, nikabadilisha vibao vyangu kwa pesa, na yule bwana mpole hakuniinamia.

Bi Riziki alikuwa amesimama nje ya nyumba nilipofika, na Nasibu nyuma yake. Nasibu aliliangalia furushi, akaona limekuwa kubwa, akafungua mdomo. Bi Riziki hakuliangalia.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mama."

"Amekonda?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kwa maswali mengine: amesema nini, atakuja lini, kwa nini hukumvuta. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Hajakonda. Yuko vilevile kama siku ya harusi."

"Vilevile?"

"Vilevile, mama."

"Hana hata mvi? Baba yake alianza mapema."

"Hana hata moja."

Alishika mwimo wa mlango. Sisi wawili hatukuthubutu kumgusa. Kisha aliuachia, akatembea taratibu hadi kwenye kamba ya nguo uani, akaanua shati jeupe la Faki, ambalo alilifua kila Ijumaa ingawa halikuwa na mvaaji. Alilikung'uta. Alirudi nalo, akamwekea Nasibu kifuani.

"Vaa."

"Mama, hili ni la shemeji."

"Vaa, baba. Wewe una mvi." Alimgusa nywele za mbele, zile nilizodhani zina vumbi. "Unaona? Hizi hapa."

Nasibu alilivaa pale pale uani, bila kututazama. Lilimbana mabegani. Bi Riziki akamgeuza, akauangalia mgongo, akapitisha kidole kwenye mshono wa bega, akasema pana nafasi ya kuachia kidogo. Mimi nikaingia ndani kutafuta sindano.